Bunduki ya Shoto

Kutoka Mombasa hadi Junju si mbali, ila barabara ya Malindi ina namna yake ya kumtia mtu adabu. Wanaipanua kutoka Mombasa kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo hadi Kilifi, na mpaka kazi iishe kila dereva ni mgeni: mchepuko wa jana leo umezibwa kwa mawe, tingatinga limeegeshwa pale palipokuwa na kituo cha bodaboda. Tuliondoka Kisauni giza halijaisha, tukafika Mtwapa mama wa mahamri anaepua karai la pili. Tulikula tumesimama, mahamri kwa mbaazi za nazi, mdogo wangu amebana daftari kwapani asije akalimwagia mchuzi.

Mdogo wangu anafundisha hesabu sekondari. Katika daftari hilo alikuwa ameandika maswali kurasa mbili, yote kuhusu bunduki. Hataki kuwinda, wala hajaingiwa na hofu ya wezi. Anataka kulenga karatasi. Alionja mchezo huu akisoma ng'ambo, kwa bunduki ya upepo katika ukumbi wa chuo, ukamkaa moyoni kwa sababu ambayo labda walimu wa hesabu ndio wanaoielewa vizuri: kila risasi inakuachia tundu, tundu linapimika, na ukikosa unajua umekosa kwa milimita ngapi na upande gani. Sasa anataka bunduki yake mwenyewe, ndogo, ya bolti, ya risasi ile wanayoiita pointi tuu-tuu. Mimi nilikuwa dereva, mbeba maji na, kama ilivyo desturi ya makaka, mtoa maoni asiyeombwa.

Hapa Kenya bunduki haichaguliwi kwa kupita dukani ukashika hii ukaacha ile. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, leseni ndiyo inayotangulia. Bodi ya Leseni za Silaha itataka cheti cha mwenendo mwema, ripoti ya daktari kuhusu akili na afya yako, ushahidi kwamba umefundishwa kushika silaha na kwamba unalo kasha la chuma la kuifungia. Itataka pia sababu. Leseni ikitoka huandikwa silaha yenyewe, aina yake na namba yake, na kila mwaka unarudi kuihuisha. Kwa hiyo hakuna kujaribu mwezi mmoja ukabadilisha. Ukishachagua umeoa, na talaka yake ina makaratasi mengi kuliko ndoa.

Wapo pia wanaosikia raifali wakafikiria nyama. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema wazi kwamba kuwinda kwa burudani ni kosa. Raia mwenye raifali ndogo amebakiwa na uwanja wa shabaha, basi. Viwanja vipo: Kirigiti kule Kiambu ndicho kinachosikika zaidi, na Mombasa kuna klabu ya Bamburi. Ila mchezo unaotamba nchini ni wa bastola, watu wanakimbia kati ya mapipa wakihesabiwa sekunde. Wa raifali ndogo ni wachache, wanajuana kwa majina, na mmoja wao ndiye tuliyekuwa tukimwendea.

Ukishapita Kikambala minazi inapungua na mkonge unaanza, mistari mirefu isiyokatika mpaka macho yachoke. Vipingo ilikuwa nchi ya mkonge kabla haijawa nchi ya mabango ya viwanja vinavyouzwa. Hapo unaiacha lami kuelekea bara, na baada ya muda mfupi umo Junju, wadi ya Kilifi Kusini, kwa Wachonyi na Wagiriama na majirani zao. Mikorosho, miembe, mbuyu mmoja mmoja uliosimama shambani kwa sababu hakuna aliyethubutu kuukata. Udongo ni mwembamba; chimba kidogo tu jembe linagonga matumbawe, na matumbawe hayo ndiyo yaliyojenga nusu ya nyumba unazoziona.

Watu wa Junju hawashtuki wakiona mgeni mwenye daftari. Watafiti wa KEMRI kutoka Kilifi wamefuatilia watoto wa hapa kwa miaka mingi katika uchunguzi wa malaria, wakipima damu na kuandika. Mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo alitutazama, akalitazama lile daftari, akauliza kwa upole kama tumekuja kwa ajili ya mbu. Nikamwambia la, bunduki. Alicheka kwanza, kisha akauliza swali la maana zaidi: je, tungeweza kumpigia nyani wanaomaliza mahindi yake? Nikamweleza kwamba ruhusa hiyo hatuna, hiyo ni kazi ya KWS, shirika la wanyamapori.

"KWS wako mbali, mwanangu, nyani wako hapa," akasema, akaendelea kugeuza mihogo.

Mwenyeji wetu alikuwa chini ya mwembe, kofia ya ukindu kichwani, mzee aliyestaafu ukufunzi wa shabaha polisi. "Mulamukadze," akatuamkia, na mdogo wangu akaitikia vizuri kuliko mimi. Wanafunzi wake wengi shuleni ni Wamijikenda, hilo limemsaidia. Mzee hakutaka kuanza na bunduki. Alianza na chai, na chai ilipokwisha akamwambia mdogo wangu anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja mpaka libaki tundu dogo la pembetatu, aitazame kupitia hapo nazi moja juu ya mnazi wa jirani, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Kwa jicho la kushoto nazi ilibaki mahali pake. Kwa la kulia ikatoweka.

"Shoto wa mkono na wa jicho," akasema Mzee. "Mungu amekurahisishia. Wenye taabu ni wale mkono huku, jicho kule."

Sijui amerahisishiwa wapi, maana hapo ndipo kurasa mbili za maswali zilipopinduka. Bunduki za bolti nyingi mno duniani zimetengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia: mkono wa bolti uko kulia, tundu la kutolea maganda liko kulia. Mtu wa kulia anaegemeza shavu upande wa kushoto wa kitako, na ganda linapotoka linaenda zake mbali naye. Shoto anaegemeza shavu upande wa kulia, upande ule ule wa tundu, na ganda la moto linaruka mbele ya pua yake. Kila anapotaka kuingiza risasi mpya, ama aachie mshiko na kupitisha mkono wa kushoto juu ya bunduki, ama autoe mkono wa kulia uliobeba mtutu. Kwa risasi moja si kitu. Mashindano ya raifali ndogo ya mita 50, yale ya Olimpiki ya mikao mitatu, yaani kupiga magoti, kulala kifudifudi na kusimama, yanataka risasi nyingi na mwili usiohamahama.

Uwanja aliotupeleka ni timbo la zamani. Wenyewe hawapendi utajwe jina, lakini umeidhinishwa, una kitabu cha kuandikisha kila anayeingia na bendera nyekundu inayopandishwa kabla ya risasi ya kwanza. Waliochimba mawe waliacha shimo refu lenye kuta pande tatu, na mtu asiyejua angedhani kuta hizo ndizo ulinzi. Mzee anaziogopa. Risasi ya tuu-tuu ni madini laini yasiyovikwa shaba, uzito wake kama gramu 2.6, na ikigonga jiwe gumu kwa pembe haikubali kufa. Inadunda na kwenda usikokujua. Ikiachwa hewani huru inaweza kufika zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo ukuta wa nyuma umefunikwa tuta la mchanga kimo cha watu wawili, mchanga uliochekechwa kokoto, na kila baada ya mvua vijana wanapanda na mabeleshi kuurudishia.

Mezani palikuwa na raifali tatu, mitutu yote imeelekea kwenye tuta, bolti zote wazi. Ya kwanza ilikuwa Brno ya zamani, nyembamba, mbao yake imepauka pale panaposhikwa. Ya pili CZ 455, mjukuu wa ile Brno, kutoka kiwanda cha Uherský Brod katika Jamhuri ya Cheki. Ya tatu Savage Mark II ya Kimarekani, kitako cha plastiki nyeusi, na bolti yake iko kushoto. Mzee aliiazima kwa rafiki wa klabu, na rafiki mwenyewe alikuja nayo, akaketi karibu muda wote, kwa kuwa silaha ya mtu haiachwi mikononi mwa mwingine mwenye leseni akiwa hayupo.

Kabla hajamruhusu mdogo wangu kugusa, Mzee aliichukua Brno, akachungulia chemba, kisha akaingiza kidole kidogo ndani, akakizungusha. Akafanya hivyo kwa zote tatu, ingawa bolti zilikuwa wazi na tulikuwa tumeziona. Baadaye mdogo wangu alirudia kitendo hicho kwa kidole chake kila alipokabidhiwa, bila kuambiwa, na nikaona Mzee ameandika kitu kichwani mwake kuhusu mwanafunzi huyu.

"Kwa nini bolti?" mdogo wangu akauliza, swali namba moja.

Mzee akajibu kwa mikono. Aliinua mkono wa bolti, akauvuta nyuma, akausukuma mbele, akaulaza. Hatua nne, na kila moja unaiamua mwenyewe. Hakuna risasi inayoingia chemba bila wewe kuisukuma. Bolti ikiwa wazi, kila aliyeko uwanjani anaiona kutoka mbali. Bunduki inayojijaza yenyewe inachagua risasi, inataka zenye nguvu ya kutosha kuusukuma mtambo wake. Ya bolti inakula yoyote, hata zile za mwendo mdogo zinazopendwa na walenga shabaha. Vipuri ni vichache. Zaidi ya yote, akasema, kule kufungua na kufunga kunampa mwanafunzi pumzi moja ya kujiuliza alichokosea.

Yeye mwenyewe alianza na Lee-Enfield iliyotengenezwa kupiga risasi ndogo, umbo lile lile zito la .303 ya askari, lakini sauti ya kikohozi. Waingereza walizizoea tangu zamani. Baada ya vita vyao na Makaburu, 1899 hadi 1902, walitambua kwamba askari wao hawajui kulenga, na Lord Roberts akahimiza vilabu vya raifali ndogo kila mtaa, kwa kuwa risasi yake ni ya bei nafuu na uwanja wake ni mfupi. Risasi yenyewe ilikuwepo tayari: kampuni ya Stevens ya Marekani iliitoa mwaka 1887, na haijabadilika sana. Sidhani kuna kitu kingine cha 1887 ninachoweza kukinunua leo kikiwa kipya na kikaingia katika chombo kilichotengenezwa mwaka jana.

Basi mdogo wangu akalala juu ya mkeka. Alianza na CZ, kwa kuwa ndiyo aliyoisoma. Ni bunduki nzuri, sibishi. Chuma kimefungwa kwa usafi, kifyatulio kinakatika bila kukwaruza. Lakini kitako kilikuwa kirefu kwake. Kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako bunduki nyingi za watu wazima zina kama sentimita 35, kipimo cha mwanamume wa wastani wa Ulaya, na mdogo wangu si mwanamume wala si wa wastani wa Ulaya. Alikuwa akinyoosha shingo kama anayechungulia dirisha la benki, na darubini ikawa inamwonyesha kivuli cheusi pembeni. Mzee akamwambia akikalishe kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa, aone kidole kinafika wapi. Kilikuwa kinaishia nje ya kifyatulio. Kitako cha mbao fundi anaweza kukikata na kukirudishia mpira wa nyuma. Cha plastiki chenye uwazi ndani ni kazi nyingine, na hapo maoni yangu yasiyoombwa yalikuwa kwamba mtu mfupi aanze kupima kitako kabla hajasoma jina lililochongwa kwenye mtutu.

Palikuwa na jambo jingine la CZ ambalo Mzee alilisemea kwa ukali kidogo. Katika 452 na 455, kizuizi cha usalama kilichoko nyuma ya bolti kinafunga kikisukumwa mbele na kinafungua kikivutwa nyuma. Katika 457, iliyochukua nafasi ya 455, wamekigeuza: mbele ni moto. Vilevile mkono wa bolti wa 457 unainuka nyuzi 60 tu badala ya 90, hivyo vidole havigongi darubini. Ni maendeleo mema, lakini mtu aliyezoea ya zamani akishika mpya kidole chake kitamdanganya. "Usiwe na zote mbili nyumba moja," akasema.

Tulikuwa mwezi wa nane, kusi imekaza. Ndani ya timbo upepo haueleweki: unapita juu ya ukuta wa kusini, unashuka, unagonga ukuta wa pili na kurudi. Mzee ametundika vipande vya leso kuukuu kwenye miti midogo, kimoja mita 10, kingine 25, cha tatu karibu na shabaha, na kuna wakati vyote vitatu vilielekea pande tofauti. Hesabu zikampendeza mwalimu. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi ya tuu-tuu ya mwendo wa kawaida karibu sentimita 3 kwenye mita 50. Duara la pointi 10 katika shabaha ya kimataifa ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Yaani kusi hii ya kawaida, inayopeperusha kanga kwenye kamba na hakuna anayeitaja, inatosha kuitoa risasi safi ndani ya 10 na kuitupa mbali. Walenga shabaha wa kwetu ambao wamejifunza katika kumbi zilizofungwa wanapofika pwani hulaumu darubini.

Baada ya CZ akapewa Savage ya shoto. Nilitazama mkono wake wa kushoto. Ulipotoka kwenye kifyatulio, kiganja kilipanda moja kwa moja, vidole vitatu vikaunyanyua mkono wa bolti, ganda likaruka kwenda kushoto kwenye nyasi, vidole vikaurudisha, na muda wote huo shavu halikuondoka kwenye kitako wala kiwiko cha kulia hakikuinuka. Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Alipomaliza magazini moja alinyamaza kidogo, akasema tu, "Kumbe."

Nilimwelewa. Amekata maisha yake yote kwa mkasi wa watu wa kulia, na utotoni bibi yetu alimchapa vidole akila kwa kushoto.

Lakini mashimo kwenye karatasi hayakuwa na huruma hiyo. Savage ilitawanya. Mzee hakushangaa; alitoa boksi jingine la risasi, kisha la tatu, za viwanda tofauti, akamwambia apige tano tano kwa kila aina, na kabla ya kila tano apige chache za kuuzoesha mtutu nta ya risasi mpya. Aina ya kwanza, ile ya kasi, ilitoa kundi pana kuliko kiganja cha mtoto. Risasi zinazotoka kwa kasi kubwa kuliko sauti hurudi chini ya mwendo wa sauti zikiwa njiani, na hapo huyumba. Ya pili afadhali. Ya tatu, za polepole, za bei ya juu kidogo: sarafu ya shilingi 10 ilifunika matundu manne, la tano likachungulia pembeni. Bunduki ile ile, bega lile lile, upepo ule ule kwa kadiri leso zilivyoweza kushuhudia.

Hilo ndilo nililoondoka nalo mimi kuliko mengine. Watu wanabishana kuhusu Anschütz ya Ujerumani na CZ na Ruger na Tikka ya Finland kama mashabiki wa Gor na AFC, na kweli Anschütz, kampuni ya tangu 1856, ndiyo inayoonekana mikononi mwa mabingwa wengi. Lakini kila mtutu una risasi unayoipenda na huwezi kuijua kwa kuangalia. Kenya huagizi boksi la majaribio kwa posta. Idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo imeandikwa katika leseni, na duka lenye leseni linaleta aina linazoweza kuuza. Kwa hiyo swali la busara ni lipi kati ya maboksi yanayopatikana hapa mwaka hadi mwaka, kisha bunduki gani inayakubali. Mdogo wangu aliliandika hilo kwa wino mwekundu.

Kisha chumvi. Mzee alitupitisha mkono kwenye mtutu wa Brno, karibu na mdomo, ambapo ngozi ya chuma imekuwa na vidonda vidogo vya hudhurungi. Bahari haipo mbali na Junju, na kaskazi na kusi zote zinapeleka unyevu wa chumvi ndani ya makabati. Chuma kilichopakwa rangi ya buluu kwa moto na dawa ni kizuri kutazama na ni chakula cha kutu. Jasho la viganja vyetu linamalizia kazi. Kila jioni ya mazoezi anafuta nje kwa kitambaa chenye mafuta, bolti na skrubu za darubini zote, na hahifadhi bunduki katika mfuko wa kitambaa chenye sufi, kwa kuwa sufi hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma. Ndani ya mtutu ni kinyume: risasi hizi laini zimepakwa nta, zinaacha uchafu kidogo, na anayesugua kila siku kwa fimbo ya chuma ataharibu mdomo wa mtutu kabla kutu haijaufikia. Mbao nazo zinavimba msimu wa mvua. Kama zimeubana mtutu, kikundi cha risasi kinahama bila wewe kugusa kitu. Alichukua karatasi nyembamba, akaipitisha kati ya mtutu na mbao za CZ. Ilipita mpaka chini bila kukwama. Kwenye Brno ilikwama katikati.

Kwa mtu wa pwani, basi, chuma kisichoshika kutu na kitako cha plastiki au mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka ndicho chaguo la akili. Nayasema haya huku nikikiri kwamba jicho langu lilikuwa kwenye Brno muda wote.

Wakati wa kupumzika mwenye Savage alituonyesha uta wa babu yake, umetundikwa sebuleni kwa Mzee kwa kuwa nyumba yake inavuja. Mti mzito, kamba ya ukano. Wamijikenda walilinda makaya yao kwa nyuta hizi na mishale ya sumu iliyochemshwa kutokana na msunguti, na mwaka 1914, Wagiriama waliokuwa wameamshwa na Mekatilili wa Menza walizikabili raifali za KAR, jeshi la kikoloni, kwa silaha hizo hizo. Raifali za KAR zilikuwa za bolti pia. Mzee, aliyevaa sare ya serikali nusu ya maisha yake, hakusema lolote kuhusu hilo, na mimi sikumchokoza. Nilijaribu kuuvuta uta. Ulikubali kidogo, ukakataa.

Alasiri tuliteremka Takaungu kutafuta samaki. Ni mji mdogo, mteremko mmoja hadi kwenye hori, misikiti mizee, makaburi ya Wamazrui. Ugomvi wa nani arithi utawala wao hapa mwaka 1895 ndio uliowasha vita vya Mbaruk bin Rashid dhidi ya Waingereza, vita vilivyoisha mwaka uliofuata Mbaruk akikimbilia upande wa Wajerumani baada ya askari kuletwa kutoka India. Miaka baadaye Denys Finch Hatton, mwindaji aliyeongoza safari za matajiri, alikuwa na nyumba hapa Takaungu. Alikufa 1931 ndege yake ilipoanguka Voi, alikokuwa amekwenda kutafuta tembo kutoka angani. Bunduki zake zilikuwa za aina nyingine kabisa, mitutu minene ya kumwangusha mnyama wa tani. Tulipoketi na sahani za changu wa kukaanga na muhogo, nikamwuliza mdogo wangu kama historia yote hiyo ya bunduki kwenye kilomita chache za pwani haimtii kichefuchefu. Akamalizia mwiba wake.

"Ndiyo maana nataka ya karatasi," akasema. "Ya 457 wanatengeneza ya shoto?"

Wanatengeneza. Na Savage wanatengeneza. Tukaanza kulinganisha: CZ ya shoto kwa kitako cha mbao kitakachokatwa sentimita 3, au Savage ya shoto yenye kitako cha plastiki, nyepesi, nafuu, ambayo tayari ameshaijua risasi yake. Nilipigia debe CZ kwa sababu zisizo na mashiko. Yeye alipiga mstari katikati ya ukurasa, akajaza pande zote mbili, uzito, risasi, kutu, fundi, akafunga daftari bila kunionyesha jumla.

Njiani kurudi, foleni ya Mtwapa ikiwa imetushika, alimpigia simu fundi mwashi. Kasha la chuma la bunduki linatakiwa likazwe ukutani kwa bolti nne, na nyumba yake ya Kisauni imejengwa kwa mawe yale yale ya matumbawe yanayochimbwa kule Junju, mawe yanayokatika kwa msumeno. Fundi akamwambia ukuta huo hautashika; bolti zitang'oka na donge la jiwe. Wakakubaliana amwage nguzo fupi ya zege yenye nondo kwenye kona ya chumba cha kulala, aiache siku 28 ikauke vizuri, ndipo wapige picha ya kupeleka kwa bodi. Fundi akauliza kasha litakuwa na urefu gani.

"Subiri," mdogo wangu akasema, akafungua daftari magotini, akasoma urefu wa ile Savage.